Salimuzzaman Siddiqui: Mkemia Aliyeutafuta Uchungu wa Mwarobaini

Wengi wetu tuliwahi kunyweshwa maji ya mwarobaini utotoni. Bibi alichemsha majani, ukaziba pua, ukameza, ukaambiwa ni dawa ya maradhi arobaini. Tulipofika chuoni tukagawanyika: wako wanaomcheka bibi kwa kuwa hakusoma, na wako wanaoidharau maabara wakisema ni mambo ya wazungu. Katika toleo hili tumkumbuke Muislamu mmoja ambaye hakudharau upande wowote.

Salimuzzaman Siddiqui alizaliwa mwaka 1897 huko Subeha, karibu na Lucknow, kaskazini mwa India. Hakuanza na kemia. Katika chuo cha Aligarh alisoma falsafa na Kiajemi, akahitimu mwaka 1919. Mwaka 1920 akaenda London kusomea udaktari, na mwaka uliofuata akahamia Frankfurt, Ujerumani. Huko ndiko alikoshika kemia, mpaka akapata shahada ya uzamivu mwaka 1927. Wenzangu mnaodhani mmechelewa kubadilisha kozi, mzingatie hapo.

Nyumbani alikuwepo mzee aliyemtarajia: Hakim Ajmal Khan wa Delhi. Hakim kule ni cheo cha tabibu, si hakimu wa mahakamani. Mzee huyu alitaka dawa zilizorithiwa kwa karne nyingi zipimwe kwa sayansi mpya, na Siddiqui akapewa jukumu la kuongoza utafiti huo kwenye chuo cha tiba cha Delhi. Lakini mwishoni mwa mwaka huo huo wa 1927, Hakim akafariki. Mwenye nia akaondoka, akabaki kijana na amana.

Siddiqui aliichukua mizizi ya mmea uitwao Rauwolfia serpentina, ambao matabibu wa India waliutumia tangu zamani, akaanza kutenganisha kilichomo ndani yake. Mwaka 1931 alipata alkaloidi inayogusa mapigo ya moyo. Angeweza kuibandika jina lake mwenyewe. Badala yake aliiita ajmalini, kwa jina la Ajmal Khan. Hadi leo madaktari wa moyo huitumia kufichua ugonjwa mmoja wa kurithi ambao huvuruga mapigo ya moyo na unaweza kuua ghafla.

Kisha akaugeukia mwarobaini. Aliyapitisha mafuta yake katika vimiminika tofauti, kimoja baada ya kingine, kila kimoja kikitoa sehemu yake. Mwaka 1942 alitangaza vitu vitatu vichungu alivyovipata: nimbini, nimbinini na nimbidini. Kazi hiyo iliwafungulia njia wanakemia wengi waliouchunguza mti huo baada yake. Uchungu uliotufanya tuzibe pua ukawa na majina.

Mwaka 1951, akiwa na zaidi ya miaka 50, alihamia Pakistan kwa mwaliko wa Waziri Mkuu Liaquat Ali Khan, akaanza upya kujenga utafiti katika nchi changa. Mwaka 1961 akachaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London. Alipostaafu serikalini hakwenda kupumzika. Mwaka 1967, akikaribia miaka 70, alianzisha taasisi ya kemia katika Chuo Kikuu cha Karachi, akaiongoza hadi 1990. Alifariki Aprili 1994, akiwa na miaka 96, na taasisi ile bado inafundisha watafiti.

Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, kemia niliiacha sekondari. Ninachokiona kwa mzee huyu ni adabu ya elimu, ile ile tunayofundishwa darasani kwetu. Alimheshimu aliyemtangulia kwa kuipima kazi yake kwa uaminifu, maana kuisifu tu kusingetosha. Na alipofanikiwa, alimtaja aliyemfungulia mlango.

Basi likizo hii, bibi akichemsha mwarobaini, usicheke, wala usiapie kwamba unatibu kila kitu. Muulize anautumiaje, kwa maradhi gani, kwa kiasi gani. Uandike. Na wewe uliye kitivo cha sayansi, hilo daftari linakusubiri.

Mwenyezi Mungu amrehemu Salimuzzaman Siddiqui na atunufaishe kwa elimu. Amin.