Sayyid Majid: Mwanzilishi wa Dar es Salaam aliyelala Unguja

MAELFU ya watu huvuka kila siku kwa pantoni kati ya Magogoni na Kigamboni, lakini ni wachache wanaolikumbuka jina la mtawala aliyeichagua bandari hii kuwa mji. Ni Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar tangu mwaka 1856.

Utawala wake ulianza kwa msiba na fitina. Baba yake, Sayyid Said, alifia baharini Oktoba 1856 akirejea kutoka Oman. Barghash, mdogo wake Majid, aliyekuwamo merikebuni, alimzika marehemu kwa siri usiku katika makaburi ya Makusurani, Unguja, akitaka kunyakua kiti. Alishindwa.

Baadaye Majid alianza kujenga jengo la kuba juu ya kaburi la baba yake. Waibadhi wenye msimamo mkali walipinga, kwani kwao kaburi halistahili fahari ya namna hiyo, na ujenzi ukaachwa njiani. Hata sultani hakuthubutu kuwapuuza.

Katika miaka ya 1860 aligeukia bara. Karibu na kijiji cha Mzizima alijenga kasri, na mwaka 1867 aliwaandalia karamu mabalozi wadogo wa mataifa ya nje. Boma la Kale, lililojengwa kwa ajili ya wageni wake, lingali limesimama, kasri limetoweka.

Majid alifariki dunia Oktoba 1870, mji ukiwa haujakamilika. Barghash, yule yule, alirithi kiti na kuitelekeza Dar es Salaam. Majid alizikwa Makusurani. Mwaka 1888 Barghash naye akazikwa huko huko.