Alick Isaacs: Jamaa aliyegundua kamsa ndani ya yai la kuku

Kama umelelewa Kisii au Nyamira, stori hii unaijua. Asubuhi moja kuku wa nyanya wanaanza kupinda shingo na kuharisha kijani, na kabla wiki haijaisha boma lote limenyamaza. Wafugaji wanaita ugonjwa huo Newcastle. Ukisikia umeingia Keroka, jua Daraja Mbili hakuko salama.

Sasa jiulize swali moja. Nyanya aliwashika hao kuku kwa mikono yake. Wewe mwenyewe pengine ulitumwa kuwatupa, na tuseme ukweli, wengine waliishia kwa sufuria. Mbona kuku walikufa na nyinyi mkabaki? Mtu akipatwa na virusi hivyo, kwa kawaida ni macho tu yanayowasha na kuwa mekundu siku chache, basi.

Ukitaka jibu, inabidi umjue Alick Isaacs.

Isaacs alizaliwa Glasgow, Scotland, mwaka 1921, katika familia ya Kiyahudi. Alisomea udaktari katika chuo kikuu cha mji huo, akamaliza 1944. Lakini kazi ya kuzunguka wodini haikumkamata moyo kama maabara. Kilichomvuta ni virusi vya homa ya mafua, ile influenza. Mwaka 1948 alipata ufadhili akaenda Melbourne, Australia, kufanya kazi chini ya Macfarlane Burnet, mtu aliyekuja kupata tuzo ya Nobel. Huko Australia ndiko alikompata pia mke wake, Susanna, ambaye alikuwa daktari.

Aliporudi Uingereza alifanya kazi katika taasisi ya utafiti wa tiba ya Mill Hill, London, na kusimamia kituo cha dunia cha kufuatilia influenza. Kuna fumbo moja ambalo wanasayansi walikuwa wamelizunguka kwa miaka: seli ikishaingiwa na virusi vya aina moja, mara nyingi virusi vya aina nyingine vinashindwa kuiingilia. Kwa nini? Je, vile vya kwanza vimeziba mlango tu?

Mwaka 1956 akaja kijana kutoka Uswisi, Jean Lindenmann. Wawili hao wakakubaliana kulitatua fumbo. Walichukua vipande vya utando kutoka mayai yenye vifaranga ambavyo havijaanguliwa, wakaviweka kwenye mirija ya kioo, kisha wakaongeza virusi vya influenza vilivyouawa kwa joto. Wakasubiri. Baadaye wakachukua yale maji tu yaliyozunguka utando na kuyamimina kwa utando mwingine mpya, ambao haukuwa umekutana na virusi hata kimoja. Walipoweka virusi hai hapo, vikashindwa kuzaana!

Hapo ndipo penye utamu. Mlango haukuwa umezibwa. Seli zilizovamiwa zilikuwa zimetoa kitu ndani ya maji, na kitu hicho kiliwaonya majirani. Mwaka 1957 walichapisha matokeo yao na kukiita kitu hicho interferoni.

Fikiria venye kijijini mtu akivamiwa usiku anapiga kamsa. Pengine yeye mwenyewe hataokoka. Lakini jirani akisikia, anaamka na kuweka komeo mlangoni. Interferoni ni hiyo kamsa. Ni protini inayotoka kwa seli iliyovamiwa, inagusa seli jirani, na hizo jirani zinawasha jeni nyingi za kujilinda kabla adui hajafika.

Ungedhani dunia ilimshangilia. Wapi! Magazeti yalichangamka yakiwaza dawa ya kuua virusi vyote, lakini wanasayansi wengi walikunja uso. Interferoni ilitokea kwa kiasi kidogo mno hivi kwamba hakuna aliyeweza kuitenga ikiwa safi. Baadhi ya wataalamu wa virusi Marekani waliligeuza jina lake kuwa utani, kumaanisha kwamba jamaa ametafsiri vibaya majaribio yake. Na Isaacs hakuwa mtu wa ngozi ngumu. Alipitia vipindi vya huzuni nzito, ile ya kumlaza mtu chini. Mwaka 1964 akavuja damu kwenye ubongo. Alirudi kazini hata hivyo. Mwaka 1966 alichaguliwa mwanachama wa Royal Society, heshima kubwa kwa mwanasayansi Uingereza. Januari 1967 akafariki, akiwa na miaka 45 tu, bila kuiona interferoni safi hata tone.

Kazi iliendelea bila yeye. Kari Cantell wa Finland alitumia miaka akiichuja kutoka damu ya watu waliojitolea. Mwaka 1980 jeni yake ilipandikizwa ndani ya bakteria, na sasa ingeweza kutengenezwa kwa wingi. Ikawa dawa ya aina fulani ya saratani ya damu na ya homa ya ini.

Halafu tukaanza kuona umri wa kamsa hii. Samaki wanayo. Vyura, kuku na popo wanayo. Nzi na minyoo hawana. Maana yake ilianza kwa mababu wa wanyama wenye uti wa mgongo, zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Tangu hapo jeni zake zimenakiliwa na kubadilika mara nyingi. Wewe unazo 13 za aina ya alfa peke yake. Kila kundi la wanyama limeishia na lahaja yake ya kamsa, ndiyo maana interferoni ya kuku haikusaidii wewe. Na virusi navyo havikulala. Vilijifunza kuziba mdomo wa anayepiga kamsa.

Sasa turudi kwa kuku wa nyanya. Virusi vya Newcastle vina protini inayonyamazisha kamsa ya kuku. Watafiti walionyesha mwaka 2003 kwamba mbele ya kamsa ya binadamu, protini hiyo haifui dafu. Hiyo ni sababu mojawapo kubwa ya wewe kuwa hapa ukisoma. Bado nawa mikono, lakini.

Kenya nayo ina ukurasa wake hapa, na si mtamu. Mwaka 1990 serikali ilizindua Kemron, dawa ya KEMRI iliyokuwa interferoni alfa kidogo sana ya kuwekwa mdomoni, ikasemwa inawainua wagonjwa wa Ukimwi. Watu walisafiri kutoka mbali kuitafuta. Majaribio yaliyofuata, likiwemo la Uganda, hayakuonyesha faida. Kwa hiyo ukitazama vizuri, kitu kilekile kimoja kilidharauliwa kabla ya kupimwa vya kutosha, kisha kikaaminiwa kabla ya kupimwa vya kutosha. Makosa yote mawili yaliumiza watu.

Mwaka 2020 korona ilipochacha, watafiti walipima wagonjwa mahututi 987. Kati yao, 101 walikuwa na kingamwili zilizoshambulia interferoni zao wenyewe. Kamsa ilipigwa, majirani hawakuisikia. Isaacs alikuwa amekufa miaka 53. Siku nyingine ukiwa na mafua, mwili unauma na joto limepanda, jua kwamba sehemu ya hayo maumivu ni ile kamsa yenyewe, seli zako zikiambiana ziweke komeo.