Arthur Kornberg, mtoto wa mshonaji aliyegundua mashini ya kunakili DNA

Mwezi wa Septemba 2023, ku Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu hapa kwetu Kivu ya Kusini, waganga walianza kuona wagonjwa wengi wa mpox. Wataalamu waliposoma DNA ya virusi ile, walitambua kama ugonjwa ulikuwa unatoka kwa mtu unaenda kwa mtu. Walijua namna gani? Walisoma mabadiliko yaliyobaki ndani ya ile DNA. Lakini kwa kusoma mabadiliko, lazima ujue kwanza nani ananakili DNA na nani anasahihisha. Kwa swali hilo, tunarudi kwa Arthur Kornberg.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1918 mu Brooklyn, New York. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliotoka Ulaya ya Mashariki. Baba yake alishona nguo kwa mashini, kama mafundi wetu wa Kadutu. Afya ilipomshinda, akafungua duka ndogo ya misumari na vyombo, na Arthur akamsaidia kuuza tangu akiwa na miaka 9. Mtoto huyo wa duka akamaliza udaktari mwaka 1941. Wakati wa vita alitibu kidogo ndani ya meli, kisha akaingia labo na hakutoka tena. Mwaka 1943 akamuoa Sylvy Levy, naye mtaalamu wa kemia ya mwili.

Kufikia mwaka 1956, mu mji wa St. Louis, Kornberg na wenzake walikuwa wamepata walichotafuta. Walisaga vijidudu vya E. coli, vile vyenye kuishi ndani ya matumbo yetu, na wakatoa proteini moja yenye kazi ya ajabu: inashika uzi wa DNA kama mfano, kisha inajenga uzi mwingine mbele yake, A kwa T, G kwa C. Wakaiita DNA polimerasi. Mwaka 1957 gazeti la kisayansi lilikataa maandiko yao. Mwaka 1958 likayatangaza. Mwaka 1959 Kornberg akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Severo Ochoa. Sylvy alikuwa amefanya sehemu kubwa ya kazi, lakini jina lake halikuwa kwenye tuzo.

Kulikuwa jambo moja lenye kusumbua. Proteini ile yenye kujenga ilikuwa pia inabomoa: inakata herufi za mwisho wa uzi. Watu walifikiri ni uchafu wa labo. Walisafisha, wakasafisha tena, ukataji haukutoka. Halafu mwaka 1969 mtaalamu John Cairns akaonyesha kijidudu chenye kukosa karibu nguvu yote ya polimerasi ile, na bado kinaendelea kuzaana. Wengine wakaanza kusema Kornberg alipewa tuzo bure. Ni mtoto wake Thomas, aliyekuwa mwanafunzi wa muziki, njo aliingia labo na kupata polimerasi zingine mbili. Ya tatu ndiyo inabeba kazi kubwa ya kunakili. Ile ya baba inasaidia kumaliza na kutengeneza palipoharibika.

Mwaka 1972 Kornberg na mwanafunzi wake Douglas Brutlag wakaeleza ule ukataji. Haikuwa uchafu hata kidogo, ilikuwa kufuta makosa. Mwaka 1985 kikundi cha Thomas Steitz kikaonyesha umbo lenyewe. Ni kama mkono wa kuume. Gumba linashika uzi, vidole vinaleta herufi na kuifunga ikiwa inafaa, na ndani ya kiganja njo herufi inaunganishwa. Herufi mbaya ikiingia, haikai vizuri na kazi inapungua mwendo. Mwisho wa uzi unateleza mpaka kwenye mfuko mwingine wa proteini, herufi inakatwa, kisha uzi unarudi.

Kuchagua peke yake kunaacha kosa karibu moja kwa herufi 100,000. Kufuta kunapunguza makosa hayo karibu mara 100. Proteini zingine zinapita nyuma kukagua, na mwishowe linabaki karibu kosa moja kwa herufi 1,000,000,000.

Kornberg alifariki tarehe 26 Oktoba 2007, mwaka mmoja baada ya mtoto wake mwingine, Roger, kupata Nobel naye.

Sasa turudi Kamituga. Virusi ya mpox inabeba polimerasi yake yenye kusahihisha, kwa hiyo yenyewe inakosea kidogo tu. Lakini DNA ya kule ilijaa badiliko la aina moja, na hilo si kosa la polimerasi. Ni alama za APOBEC3, proteini za kinga za mwili wetu zenye kuharibu herufi za virusi. Alama zile zilionyesha kama virusi imekwisha kupita ndani ya watu wengi. Njo maana waganga walisisitiza tujikinge kati yetu wenyewe, mu nyumba na mu kitanda, si kuogopa nyama ya pori tu.