Al-Razi: Tabibu aliyewapa wanafunzi nafasi ya kwanza mbele ya mgonjwa

Watu wengi wakilisikia jina la Abu Bakr Muhammad bin Zakariya al-Razi hukumbuka kuwa ndiye tabibu aliyeandika kitabu mashuhuri cha kutofautisha ndui na surua. Hilo ni kweli na ni jambo kubwa. Lakini lipo jingine ambalo halitajwi sana, nalo linatuhusu zaidi tunapozungumzia namna ya kuwaandaa vijana wanaosomea kuwahudumia wagonjwa wa akili, walemavu na wote wanaohitaji kutunzwa. Al-Razi alikuwa mwalimu, na darasa lake lilikuwa mbele ya mgonjwa.

Alizaliwa mwaka 251 Hijria, sawa na 865 Miladia, katika mji wa Rayy, ambao magofu yake yapo jirani na Tehran ya leo. Hakuanza utabibu utotoni. Ujana wake aliutumia katika elimu nyingine, ikiwemo alkemia, na inaelezwa kuwa aliingia katika tiba akiwa mtu mzima. Pamoja na kuchelewa huko, alifika kuwa mkuu wa bimaristani, yaani hospitali, ya Rayy, na baadaye akaongoza hospitali ya Baghdad, makao makuu ya Ukhalifa wa Bani Abbas.

Namna alivyofundisha imehifadhiwa na Ibn al-Nadim, aliyeandika Al-Fihrist mwaka 987, kwa kupokea habari za mzee mmoja wa Rayy aliyekuwa akimfahamu. Al-Razi alikuwa akikaa katika majlisi yake, na mbele yake wamekaa wanafunzi wake. Mbele ya hao wamekaa wanafunzi wa wanafunzi wake, na mbele ya hao wengine tena. Mgonjwa akija, hakumfikia mkuu moja kwa moja. Alieleza maradhi yake kwa wale aliowakuta mwanzo. Kama walikuwa na ujuzi wa jambo lake walimhudumia, na kama hawakuwa nao walimpeleka kwa waliowazidi. Hao nao wakipatia, jambo limekwisha. Wakishindwa wote, hapo ndipo al-Razi mwenyewe aliposema.

Ndugu msomaji, zingatia utaratibu huo. Mkubwa kwa elimu ndiye aliyesema mwisho, na mdogo ndiye aliyesema mwanzo. Mwanafunzi alilazimika kumsikiliza mgonjwa, kufikiri na kutoa rai yake kabla hajajua mwalimu anaonaje. Wakati huohuo mgonjwa hakuachwa mikononi mwa asiyejua, kwani nyuma ya kila mwanafunzi alikuwepo anayemzidi. Ni utaratibu unaomjenga mwanafunzi na kumlinda mgonjwa kwa pamoja.

Mzee yule wa Rayy alieleza pia kuwa al-Razi alikuwa karimu, mwenye huruma kwa masikini na wagonjwa, akiwapa posho na kuwauguza. Kwa hiyo wanafunzi wale hawakujifunza dawa peke yake. Walimuona mwalimu wao akimhudumia asiye na cha kumlipa. Aliandika hata kitabu cha tiba kwa ajili ya mtu asiyeweza kumfikia tabibu, akitaja dawa na vyakula vinavyopatikana kwa urahisi.

Kuhusu maradhi ya nafsi na akili, al-Razi hakuyatenga na maradhi mengine. Alipomwandikia Mansur bin Ishaq, gavana wa Rayy, kitabu cha tiba ya mwili, alimwandikia na kingine cha kuwa mwenziwe, kiitwacho Al-Tibb al-Ruhani, yaani tiba ya kiroho, chenye milango 20. Humo anazungumzia hasira, husuda, huzuni, ulevi na hofu ya mauti. Anashauri pia kuwa mtu amtafute rafiki mwenye busara atakayemweleza aibu zake bila kumficha, kwa sababu mtu hupenda nafsi yake kiasi cha kutoona kasoro zake. Huo ni ushauri unaomfaa mgonjwa, lakini unamfaa zaidi yule anayejiandaa kuwatibu wengine.

Upo pia waraka wake kwa mwanafunzi wake mmoja aliyekwenda kuwa tabibu wa mtawala. Anamuusia kutunza siri za wagonjwa, kuwatibu masikini kama anavyowatibu matajiri na kujiepusha na kiburi. Aliamini vilevile kuwa tabibu ampe mgonjwa matumaini ya kupona hata pale ambapo yeye mwenyewe hana uhakika, kwani mwili hufuata hali ya nafsi. Wapo leo watakaobishana naye katika hilo, wakisema mgonjwa ana haki ya kuambiwa ukweli wa hali yake. Lakini asili ya usia wake haijachakaa: maneno ya anayekuhudumia ni sehemu ya matibabu.

Katika utafiti nako aliwaachia wanafunzi njia. Aliandika habari za wagonjwa wake mmoja mmoja, pamoja na wale ambao dawa haikuwafaa. Alipotaka kujua kama kutoa damu kunasaidia kuzuia uvimbe wa utando wa ubongo, alieleza kuwa kundi moja la wagonjwa alilitoa damu na jingine aliliacha kwa makusudi ili aondoe shaka. Leo kumuacha mgonjwa hivyo bila ridhaa yake hakuruhusiwi, na ni sawa. Lakini kule kutaka kulinganisha kundi na kundi kabla ya kutoa hukumu ndio msingi wa utafiti mpaka hivi sasa.

Vivyo hivyo aliandika kitabu cha kumtilia shaka Jalinus, mwalimu mkubwa wa matabibu wote wa zama hizo. Alianza kwa kumsifu na kukiri fadhila zake, kisha akaonesha kuwa aliyoyaona yeye hospitalini Rayy na Baghdad hayakwenda sawa na kila kilichoandikwa. Kwake yeye, kumheshimu mwalimu hakukuwa taqlidi ya kufumba macho.

Ni uadilifu kusema pia kuwa katika falsafa, wanazuoni wengi walimpinga vikali kwa kauli zilizonasibishwa kwake kuhusu utume. Hatumtaji hapa kama kiongozi wa aqida. Tunamtaja kama tabibu na mwalimu, na katika hilo hata waliompinga hawakumkana.

Mwisho wa maisha yake ndio unaogusa zaidi. Yeye mwenyewe aliandika kuwa kwa miaka 15 alifanya kazi usiku na mchana juu ya kitabu kimoja kikubwa, mpaka macho yakadhoofika na misuli ya mkono ikaharibika, akawa hawezi tena kusoma wala kuandika. Hata hivyo hakuacha elimu, bali alitafuta wa kumsomea na kumwandikia. Tabibu mkubwa wa zama zake akawa mtu mwenye ulemavu, na kazi yake ikaendelea kwa macho na mikono ya wengine.

Baadaye alipofuka kabisa. Al-Biruni anaeleza kuwa mwanafunzi wake mmoja alisafiri kutoka Tabaristan kuja kumtibu macho. Al-Razi alimuuliza atamtibu vipi, naye akaeleza. Mwalimu akaukubali ujuzi wa mwanafunzi wake, lakini akakataa matibabu, akiona kuwa yatamzidishia maumivu ilhali ajali yake imekaribia. Kwa mujibu wa al-Biruni, alifariki mwezi wa Shaaban mwaka 313 Hijria, sawa na 925.

Hata hapo wanafunzi hawakumaliza kazi yao. Al-Razi aliacha marundo ya maandiko yasiyopangwa. Inaelezwa kuwa waziri Ibn al-Amid aliyanunua kutoka kwa dada yake al-Razi kwa mali nyingi, akawakusanya matabibu waliokuwa wanafunzi wake, nao wakayapanga. Ndicho kitabu cha Al-Hawi, kilichotafsiriwa kwa Kilatini mwaka 1279 na kusomwa Ulaya kwa karne kadhaa. Laiti mwalimu yule angefundisha kwa kujificha, elimu yake ingezikwa naye.

Sasa tujitazame sisi. Hospitali ya Mathari ya Nairobi ilianza mwaka 1910 na ya Mirembe ya Dodoma mwaka 1927, zote zama za ukoloni. Ni muda mrefu. Hata hivyo, bado katika mitaa yetu ipo familia inayomficha chumbani mtoto mwenye ulemavu kwa kuona haya, na ipo inayozunguka na mgonjwa wa akili mwaka mzima kabla ya kumfikisha hospitali. Wa kuibadilisha hali hiyo ni wanafunzi wa udaktari, uuguzi, saikolojia na ustawi wa jamii walioko vyuoni.

Swali la kujiuliza ni je, wanafunzi hao tunawaweka wapi? Mwanafunzi anayetumwa kujaza fomu za utafiti na kuzikabidhi, asiulizwe ameona nini wala amefikiri nini, huyo hafundishwi, anatumikishwa. Na anayeachwa peke yake na mgonjwa mzito, bila mkubwa wa kumrejea, anadhulumiwa yeye na mgonjwa wake.

Hayo hayahitaji jengo jipya wala msaada wa wafadhili. Mwalimu anyamaze kwanza, mwanafunzi aseme, kisha mwalimu asahihishe mbele ya wote. Matokeo yaandikwe, yaliyofaa na yasiyofaa. Na wazazi wenye vijana wanaotaka kusomea maradhi ya akili wasiwavunje moyo kwa kudai kuwa si udaktari wa heshima. Sote tunaelekea uzeeni, na hakuna mwenye hati ya kubaki na macho au akili yake. Al-Razi alipofika huko alimkuta mlangoni mwanafunzi aliyemfundisha mwenyewe.