Benson Masya: Bingwa kutoka Kitui

Riadha ya Kenya inapotajwa, fikra za wengi huelekea Bonde la Ufa. Hata hivyo, mwanamume wa kwanza kutawazwa bingwa wa dunia katika nusu marathoni alitoka Ukambani. Benson Masya alizaliwa Kitui mwaka 1970. Ujanani alikuwa mwanamasumbwi, kisha akazitundika glavu na kuzishika mbio ndefu. Mwaka 1991 alishinda marathoni ya Honolulu, ushindi aliourudia mwaka 1992 na 1994.

Septemba 1992, mashindano ya dunia ya nusu marathoni yalifanyika kwa mara ya kwanza, kati ya Newcastle na South Shields, Uingereza. Masya aliwatangulia wote kwa dakika 60 na sekunde 24, nayo Kenya ikatwaa taji la timu. Mbio za kila mwaka za njia hiyo, Great North Run, alizishinda mara nne, ya mwisho ikiwa mwaka 1996.

Aliaga dunia Septemba 2003 baada ya kuugua, akiwa na umri wa miaka 33 tu. Kijana wa Kitui au Makueni aambiwaye kuwa mbio si za kwao ana jibu: njia hiyo ilifunguliwa na mtu wa kwao.