Caprilli: Afisa aliyempa farasi uhuru wa kuruka

KWA miaka mingi, mpanda farasi wa Ulaya aliyetaka kuruka ua au handaki alifundishwa kuegemea nyuma, kunyoosha miguu mbele na kuvuta hatamu kwa nguvu. Wakuu wa majeshi waliamini kwamba hivyo ndivyo miguu ya mbele ya mnyama ingenusurika atuapo. Aliyeipindua imani hiyo ni Federico Caprilli, afisa wa jeshi la Italia.

Caprilli alizaliwa mjini Livorno mwaka wa 1868. Baada ya masomo ya kijeshi alijiunga na askari wapanda farasi, kisha akapelekwa katika shule yao ya Pinerolo. Alichunguza jinsi farasi asiye na mtu mgongoni anavyoruka: huinyoosha shingo, huupinda mgongo na kutua kwa miguu ya mbele. Akatambua kwamba mtindo wa kale ulimtesa mnyama mara mbili. Lijamu lilimuumiza kinywa, nao uzito wa mtu ukamgonga kiunoni. Si ajabu kwamba wengi waligoma mbele ya vizuizi.

Dawa yake ilikuwa nyepesi. Vikuku vifupishwe, makalio yainuliwe kidogo kutoka kwenye tandiko, kiwiliwili kielekee mbele na mikono ifuate kinywa cha farasi. Badala ya mazoezi ya madaha uwanjani, farasi aachwe ajitafutie mizani yake nyikani, akipanda na kushuka vilima kwa shoti ya wastani isiyobadilika, ili akifikie kizuizi akiwa mtulivu na msikivu.

Wakongwe walimpinga vikali. Hata hivyo, mnamo 1902, katika mashindano ya Turin, Caprilli akiwa juu ya farasi Melopo aliruka kimo cha mita 2.08. Jeshi likaukubali mtindo wake, na maafisa wa mataifa mengine wakafunga safari kwenda kujifunza Pinerolo na Tor di Quinto, karibu na Roma.

Hakuishi kuyaona matunda yote. Desemba 1907, mjini Turin, mtu huyo aliyeshinda kuta ndefu alianguka kutoka kwa farasi, akafariki akiwa na umri wa miaka 39. Maandishi aliyoyaacha ni machache. Lakini hadi leo, kila mrukaji anayejiinamisha mbele juu ya kizuizi anaufuata mtindo wake.