Jean Mermoz: Rubani wa barua aliyemezwa na Atlantiki

Siku mbili kabla ya kutimiza umri wa miaka 35, rubani Mfaransa Jean Mermoz alitoweka baharini.

Aliajiriwa na kampuni ya Latécoère mwaka 1924, enzi ambazo rubani alitegemea dira, macho yake na injini isiyoaminika. Huko Amerika Kusini, ndege zilipolala usiku, meli na treni ziliendelea na safari. Hivyo mwaka 1928 Mermoz alianza kupeleka barua usiku kati ya Rio de Janeiro na Buenos Aires, hatua ambayo wengi waliiona kuwa wazimu.

Machi 1929 alikwama kwenye milima ya Andes, mita zipatazo 4,000 juu. Fundi wake, Alexandre Collenot, aliikarabati ndege kwa siku kadhaa katika baridi kali, kisha wakaiachia iporomoke bondeni hadi iliposhika upepo.

Mei 1930 alivuka Atlantiki kutoka Senegal hadi Brazil kwa takriban saa 21. Wakati wa kurudi mafuta yalivuja, akatua baharini. Meli iliwaokoa watu pamoja na barua.

Februari 1936 Collenot alipotea kwenye bahari hiyohiyo. Desemba 7, Mermoz aliondoka Dakar kwa ndege Croix-du-Sud, akarejea kutokana na hitilafu ya rafadha. Ilipotengenezwa, akaruka tena. Asubuhi hiyo redio ya ndege iliarifu kuwa injini ya nyuma kulia inazimwa. Yeye na wenzake wanne hawakusikika tena.